Baiskeli ya Bibi

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria. Pasha moto, usikile baridi halafu ulalamike. Fundi bomba anakuja saa nne, mwonyeshe bomba la bafuni.

Fundi baiskeli naye alikuja asubuhi, wewe bado unakoroma. Ameleta baiskeli yangu ya milimani, ile niliyopandia vilima kabla hujanioa. Nilitaka abadilishe breki na matairi tu, niende nayo kazini. Nikakuta usukani umeinuliwa kama pembe za ng'ombe, kiti kipana kama mto wa kulalia, kikapu mbele, na kengele.

Nikamuuliza, hii ya nani? Akanionyesha kikaratasi ulichompa, mwandiko wako kabisa: "Ni ya bibi. Itengeneze aikalie kwa raha."

Wewe ulimaanisha mkeo. Yeye akaelewa bibi wa wajukuu. Hata akanishika mkono nisianguke wakati wa kupanda.

Hatuna hata mjukuu mmoja.

~~Irudishe kwake leo hii, afunge usukani wa zamani.~~

Basi, acha. Nimezunguka nayo mtaa mzima na shingo haikuniuma, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Fundi asijue.

Nimeenda nayo kazini. Mkate umekwisha, nitanunua nikirudi. Kikapu si ninacho.

Mimi bibi yako,
na ole wako uelewe kama fundi.