Matanga ya Papa Omer kwenye hangari

Denise, uko? Henriette amecheka kwenye matanga ya bwana yake! Mbele ya padri! Nilimfinya, akazidi.

Unakumbuka wakati wa Zaire, askari walipopora nyumba zote za kisasa? Yeye aliweka sanduku la maiti, tupu, kwenye hangari yao, lile banda kubwa kando ya kijito, akajitupa chini: "Omer wangu amekufa!" Askari wakavua kofia, wakaenda. Njo vile nyumba yao ikapona.

Halafu Omer mwenyewe akatoka kijitoni alikojificha, amelowa chapachapa: "Mama Henriette, umenililia vizuri. Chakula iko?"

Leo sanduku liko pale pale hangarini, na Omer yumo kweli.

Amecheka, Denise, halafu kicheko kikakatika. Akaninong'oneza: "Waambie wasifunge mlango wa upande wa kijito."