Unyayo wa Baba Kwenye Karatasi

Ghuba ya Pedlar
6 Oktoba

Mpendwa Baba,

Nakuamkia kwa heshima, na Bibi anakusalimu. Hujambo? Ulifika salama Toronto? Sisi hatujambo, isipokuwa miguu yangu iliwaka Jumatano na Alhamisi. Kifua cha Bibi kimetulia tangu upepo ulipogeuka.

Najua Jumapili tutaongea kwa simu, lakini simu iko jikoni, na jikoni kwa Bibi kila anayepita anaingia kunywa chai. Mambo ya kweli nitakuandikia. Barua yangu itapanda boti ya Alhamisi, na yako itashuka nayo.

Mwalimu Vatcher alinitaka nilieleze darasa kwa nini umekwenda. Niliandika kwanza ili nisikosee. Nikasema kwamba neva zina vilango vidogo, na mtu akiumia vinafunguka, kisha vinafungwa. Sisi akina Durnford tumerithi jeni yenye kosa, na vilango vya miguuni mwetu havifungwi vizuri. Ndiyo maana kutembea hadi dukani kunatuchoma kama tumekanyaga makaa. Madaktari wamechukua kirusi, wakakiondolea ubaya, wakakipa amri ya kupeleka kwenye neva: fungeni.

Marjorie akauliza, "Na amri ya kufungua tena atapeleka nani?" Darasa zima likacheka. Mwalimu alisema ni swali zuri, akaliandika ubaoni, kisha kengele ikalia.

Baba, siku ile gatini ulisema ukipona utavaa soksi za sufu kama binadamu wengine. Bibi ananifundisha kufuma. Hakuna kipimo chako nyumbani, kwa sababu hakuna aliyewahi kukufumia. Tafadhali simama juu ya karatasi, uzungushe kalamu, unitumie.

Mwanao akupendaye,
Selina


Toronto
19 Oktoba

Binti yangu Selina,

Hujambo wewe, na mama yangu hajambo? Mimi mzima, nimenenepa. Hapa wanatulisha mara tano, lakini nyama yao ya chumvi ingemfanya Bibi aite polisi.

Unyayo wangu huu hapa. Muuguzi alinikuta nimesimama juu ya karatasi bila viatu, akauliza, "Bwana Durnford, unafanya nini?" Nikamwambia, "Binti yangu anataka kujua kama bado nina vidole kumi." Akacheka mpaka akakaa.

Kesho wananidunga uti wa mgongo. Sindano moja tu. Daktari amenieleza mara tatu kwamba kirusi kikishaingia hakiitwi kikarudi. Nikamwambia, daktari, nimelinda jenereta ya kijiji miaka kumi na tisa miguu ikiwa ndani ya ndoo ya barafu. Hiki kirusi kikitaka kukaa, nitakitandikia kitanda.

Wewe jina lako lipo kwenye orodha ya Machi, ukishatimiza miaka kumi na sita. Mimi natangulia kukupimia kina cha maji, binti yangu.

Baba yako


Toronto
24 Novemba

Selina wangu,

Habari za huko? Natumaini mnaendelea vyema na kuni ni kavu. Mimi sijui niseme nini. Imekwisha!

Niliamka siku ya ishirini na tatu, nikasikiliza miguu kama mtu anayesikiliza jirani aliyehama. Kimya. Nimetembea hadi sokoni na kurudi. Nimepanda ngazi ghorofa sita kwa furaha tu, watu wakadhani ninafukuzwa.

Jambo moja utanicheka. Nimeshindwa kuacha ndoo. Bila miguu kwenye barafu sijui kukaa kwenye kiti, ni kama mvuta kiko aliyenyang'anywa kiko chake. Kwa hiyo kila alasiri ninaomba barafu jikoni kwao, naweka ndoo, naangalia hoki. Siku hizi hata barafu haing'ati. Juzi nilisinzia mchezo mzima.

Fomu yako ikija, tia saini. Usiteseke hata siku moja ya ziada.

Baba yako


Ghuba ya Pedlar
8 Desemba

Mpendwa Baba,

Hujambo, na afya inazidi? Nimesoma barua yako mara sita. Jana miguu ilinishika katikati ya hesabu, nikatoka nje nikasimama kwenye theluji, na badala ya kulia nikafikiria zile ghorofa sita.

Soksi zimo kwenye kifurushi hiki. Kisigino cha kushoto nilikifumua mara nne.

Nilimsomea Bibi barua yako, ila nilipofika kwenye ndoo akaacha kukanda unga. Akasema, "Muulize mwanangu Eldred, siku hizi miguu anaitoa lini?" Nikamwambia, lakini Bibi, haimuumi. Akasema, "Ndiyo, nimesikia. Namuuliza anaitoa lini." Unakumbuka alivyotufundisha: moto unakuingiza kwenye ndoo, baridi inakutoa. Baridi ikianza kuuma kuliko moto, unatoka. Sasa hakuna cha kukutoa, Baba. Tafadhali tumia saa.

Mwanao,
Selina


Ghuba ya Pedlar
11 Januari

Mpendwa Baba,

Heri ya mwaka mpya. U hali gani? Sisi tuko vizuri, ila tangu Novemba boti imekuja mara sita bila barua yako. Jumapili kwenye simu unasema "niko sawa, niko sawa," kisha unataka kumsikia Bibi.

Krismasi wanakijiji waliojifunika nyuso walipita nyumba kwa nyumba wakicheza, nasi tukabahatisha majina yao, kama kila mwaka. Mmoja aliingia na miguu mitupu ikiwa na theluji hadi kwenye vifundo. Bibi akapiga kelele, "Eldred!" Alikuwa Garland wa kwenye boti, anakuigiza kwa mzaha. Alidhani tutacheka. Bibi alimpa kipande cha keki.

Jumapili iliyopita nilipiga mimi, mapema. Mwanamke akapokea, akasema, "Bwana Durnford yuko chumba cha kubadilishwa bendeji." Nikauliza bendeji ya nini. Akasema, "Subiri, wewe ni nani?" Nikakata simu kwa woga. Nisamehe, haikuwa adabu.

Fomu imefika. Ina kurasa kumi na moja na nimezisoma zote. Je, soksi zinakutosha?

Mwanao,
Selina


Toronto
2 Februari

Selina,

Salamu. Mimi sijambo. Samahani kwa mwandiko, nilishika birika lao la umeme nikidhani ni la baridi. Jambo dogo.

Soksi zinanitosha. Zina hata nafasi.

Daktari anapita kila asubuhi na wanafunzi wake. Zamani alikuwa akisema kirusi kitaishia "miguuni tu." Siku hizi ananigusa mikono kwa pini, anaandika, anaondoka.

Kuhusu fomu, wewe ni msichana mwenye akili. Utaamua mwenyewe.

Baba


Ghuba ya Pedlar
20 Februari

Mpendwa Baba,

Natumaini mkono unapona. Bibi anakohoa kidogo. Mimi siku nne sijaenda shule. Juzi miguu ilivimba ikawa kama nyanya, Bibi akakaa kunipepea na gazeti hadi akasinzia ameketi.

Nakuandikia kwa uwazi. Hujawahi kuniambia nitaamua mwenyewe, hata kuhusu kofia. Nimetia saini fomu, na tarehe tano Machi Nesi Leona atakuja na boti kupima watoto, ataondoka nayo. Nisipoipeleka sasa, daktari ameandika kwamba nafasi nyingine huenda ikachukua miaka mitatu. Miaka mitatu, Baba. Mimi ninaogopa kuumwa kuliko ninavyoogopa sindano.

Lakini wewe hujawahi kunidanganya kuhusu hali ya hewa. Ukisema tusitoke, hatutoki. Nitakufumia soksi za pili, kwa hiyo nitumie unyayo mwingine. Usipotaka kuandika neno, usiandike. Chora tu.

Mwanao anayekungoja,
Selina


Ghuba ya Pedlar
6 Machi

Mpendwa Baba,

Hujambo, Baba? Bibi anakusalimu, anasema ule. Bahasha yako ilishuka jana kwenye boti ileile ya Nesi Leona. Leona alimaliza kazi mapema kwa sababu barafu ilikuwa inaingia ghubani. Nikampa fomu, akaitia mkobani, akasema, "Hongera, kipenzi, utacheza dansi kiangazi." Akaenda zake gatini. Ndipo Bibi akanipa bahasha yako.

Niliweka karatasi mpya juu ya ile ya Oktoba, nikainua mbele ya dirisha kama tunavyonakili ramani shuleni. Visigino vilikutana sawasawa. Mstari wa nje ulikwenda sawa na mwenzake hadi kwenye vidole. Hapo kalamu yako ilikwenda moja kwa moja, kama mstari wa pwani usio na miamba. Nilitafuta vidole, Baba. Nilidhani karatasi imekunjwa.

Kisha nikageuza upande wa pili.

Mimi niliomba unyayo. Sikuomba mkono. Umenichorea mkono wako wa kulia, vidole vyote vitano vipo, na kila kimoja umekitia alama ya msalaba kwenye ncha. Nimeelewa: kimya kimepanda hadi mikononi, ndiyo maana birika lile ulidhani ni la baridi.

Nilikimbia bila viatu. Njia ilikuwa theluji ya maji, na jua, na nilipofika kwenye mteremko wa kanisa miguu ilikuwa inawaka hata sikuona mbele. Garland alikuwa ameshika kamba, tayari kuiachia. "We Selina, unakwenda wapi, boti si basi!" Nikamwambia Nesi ana fomu yangu. "Ataituma, ndiyo kazi yake!" Nikasema, "Ndiyo maana naitaka." Alinitazama miguu. Nadhani aliikumbuka Krismasi, kwa sababu aliirudisha ile kamba kwenye nguzo na kuifunga tena.

Leona alisema, "Utajuta, mtoto. Mtu anayelia hivyo ndiye anayehitaji dawa." Nikanyoosha mkono. Alinirudishia fomu na kunibeba mgongoni hadi nyumbani, na boti ikamngoja.

Nilikuwa kwenye ndoo jioni nzima. Baridi ilipoanza kuuma kuliko moto, niliitoa miguu.

Fomu sikuichana. Iko droo ya juu. Nimemwandikia daktari wako swali la Marjorie, kwa mwandiko mzuri, na kumwomba ajibu kwa maandishi. Labda siku moja watapata amri inayojua wapi pa kusimama, nami nitakuwa wa kwanza kwenye gati. Sasa inauma, Baba. Inauma hata ninapoandika hapa.

Bibi anasema unarudi na boti ya tarehe kumi na tisa, na kwamba umeomba kazi yako ya jenereta. Nilikwenda kuangalia kile chumba. Bomba la moshi linapita pale unapoegemeza bega. Mlango wa tanuri la Bibi uko karibu na kiti chako. Nimeanza kuandika orodha ya vitu vya moto humu nyumbani, na bado sijatoka jikoni.

Usiogope. Ndoo nimeihamishia upande wangu. Kando ya kiti chako nimeweka kigoda na taa, na kila siku kabla ya chakula utanipa mikono, kisha miguu, kisha mgongo, nikukague. Usiseme uko sawa. Nitaangalia mwenyewe.

Nimekuwekea humu unyayo wangu, uuone. Karatasi imelowa kidogo, ni maji ya ndoo.

Mwanao,
Selina