Kwa Nini Nimemtoa Mama Nyumbani kwa Nikodemo

Nyumbani kwa Mama Mkubwa Sesilia,
Kwai, Lushoto.
6 Mei 2024

Mpendwa Kaka Fanueli,

Shikamoo. Habari za Mpanda, na habari za siku nyingi? Wifi Yunis hajambo, na watoto je? Nimeuliza habari za mgongo wako kwa kila aliyepita kwenu, lakini hakuna aliyenipa jibu la kueleweka, basi niandikie mwenyewe kama dawa ile ilikusaidia. Huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mama hajambo. Mguu bado unamsumbua, hasa asubuhi kukiwa na ukungu, lakini anakula na jana alitembea mpaka zizini kuwaona ng'ombe wa Mama Mkubwa. Mimi pia ni mzima, ila usingizi haujanirudia vizuri, na sababu yake utaiona huko mbele.

Usishangae kuona nimeandika kutoka Kwai. Mama na mimi tunakaa hapa sasa. Najua ulisema nisimhamishe mpaka uje mwenyewe mwisho wa mwaka. Sikutaka usikie kwa watu kwamba nimekuvunjia neno. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila tulipoligusa jambo hili ulinikatiza, nami kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu nilinyamaza. Nakuomba uisome yote hata kama utakasirika katikati.

Ukarabati wa nyumba ile ya mjini ulianza baada ya Krismasi. Bwana Nikodemo alipiga simu kutoka Dar es Salaam akasema anaitengeneza nyumba ili sisi wapangaji tukae vizuri. Tulifurahi, maana bati la korido ya nyuma lilikuwa limeoza na tulikuwa tunakinga maji kwa masufuria. Akaja fundi Jafari na vijana wake. Wakaezua mabati ya nyuma, wakabomoa choo na bafu, na katika kubomoa wakalikata bomba la maji. Halafu wakaanza kuchimba mlima. Tukajiuliza kuchimba mlima kunahusiana nini na paa. Nilipomuuliza Jafari akasema tajiri anataka kuongeza vyumba vya kulaza wageni wanaokwenda kutazama mandhari kule Irente.

Unaukumbuka ule ukuta wa mawe nyuma ya dirisha la Mama, ule uliozuia udongo usishuke. Waliubomoa wote. Ukifungua dirisha, mbele yako ni udongo mwekundu mtupu, umesimama wima, na mizizi inaning'inia.

Kisha kazi ikasimama. Saruji iliisha, na Jafari akawa kila akimpigia Nikodemo simu haipokelewi. Alitueleza kwamba naye ana familia na hawezi kukaa kumsubiri mtu asiyesema lolote. Akapakia toroli na sururu zake, akaenda kwenye kazi nyingine Lukozi. Tulibaki na vifusi mlangoni, korido isiyo na bati, na nyumba isiyo na choo.

Kaka, wewe uko mbali, na haya mambo ukiambiwa kwa simu yanaonekana madogo. Wenye nyumba ya chini yetu walituruhusu kutumia choo chao, Mungu awabariki. Lakini kufika kule ni kushuka ngazi za udongo, na mvua za masika zilipoanza ngazi zile zikawa zinateleza kama zimepakwa sabuni. Nilimshusha Mama kwa kumkumbatia kiunoni, yeye na fimbo yake, mimi na ndoo. Baada ya muda nikaona hanywi chai wala maji. Nilipomuuliza, akanijibu taratibu kwamba anapunguza kunywa ili asinisumbue kumshusha.

Tulimpigia Nikodemo mpaka tukachoka. Simu iliita tu. Nikitumia namba asiyoijua alipokea, na akishaitambua sauti yangu alisema yuko kwenye kikao, atanipigia. Hakupiga hata mara moja. Mwenyekiti wa mtaa alikuja akaona, akasema wazi kwamba vyumba vya nyuma havifai kulaza mtu. Akampigia palepale tukiwa tumemzunguka, naye pia simu ikamwitia mpaka ikakatika. Alitazama ile simu, halafu akatutazama sisi.

Kati yetu wapangaji hatukupatana. Mwalimu Sefania, yule wa chumba cha pili kutoka barabarani, aliamini kwamba Nikodemo ananyamaza makusudi ili tuchoke tuondoke, apate nyumba tupu kwa ajili ya wageni wake. Alisema atakayeondoka atakuwa amemsaidia. Mkewe ana mtoto mchanga, na nilimwona akimfunika mtoto vizuri huku mumewe akisema. Mimi nilitaka kuondoka siku ileile.

Mama ndiye aliyekataa. Alisema Baba alikata roho katika chumba kile, na kwamba wewe umemwambia asubiri. "Fanueli amesema nikae," alinijibu kila nilipoanza, kisha akageukia ukutani. Sikulaumu kwa hilo, Kaka. Ulisema ukijua nyumba uliyoiacha, ilipokuwa bado na ukuta.

Basi tukafanya tulichoweza. Sefania na mimi tulichimba mfereji nyuma ya nyumba ili maji yapite pembeni, tukapanga viroba vya mchanga chini ya dirisha. Nilikuwa nikitoka kushona sokoni naenda moja kwa moja kwenye jembe. Mvua haikutupa nafasi. Siku moja Sefania alipanda juu kwenye migomba ya jirani, akashuka uso umembadilika. Akanichukua kwenda kuona. Ardhi ilikuwa imepasuka ufa mrefu kufuata ukingo wa mlima, na mguu wangu uliingia mpaka kifundoni. Sefania hakurudia tena yale maneno yake ya kumshinda Nikodemo. Alirudi chumbani akaanza kumfungia mkewe mizigo, akampeleka kwa wazazi wake Soni pamoja na mtoto.

Nilimweleza Mama habari za ufa. Akasema ataomba. Nikapandisha sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia, na yeye akafumba macho akaanza kusali huku mimi nikisema.

Aliyetuokoa ni Bi Salama. Unamfahamu, yule mjane wa chumba cha mbele anayepika vitumbua. Alinisikia nikipaza sauti, na asubuhi yake alikuja na kikombe cha uji, akaketi kitandani kwa Mama. Hakutaja mlima wala mvua. Alisema, "Mama Fanueli, tangu binti yangu aolewe nakaa peke yangu, na siku hizi moyo unanienda mbio nikiwa peke yangu. Nakuomba uje ukae nami kule mbele, angalau mvua zipungue." Mama alimtazama sana. Nadhani alielewa. Lakini aliombwa, hakuamrishwa, akanyoosha mkono atafutiwe viatu. Nilibeba godoro nikijizuia kukimbia.

Walikaa vizuri wale wazee wawili. Bi Salama akiswali, Mama ananyamaza. Mama akiimba nyimbo zake za kanisani, Bi Salama anachambua mchele wake taratibu. Mimi nililala hapohapo mlangoni kwao juu ya mkeka, lakini vyombo vyetu vingi vilibaki nyuma.

Alhamisi iliyofuata, mvua ikinyesha tangu alfajiri, Mama akataka dawa yake ya kuchua mguu. Nikaingia chumba cha nyuma kuichukua. Nilikuwa nimeinama kwenye kabati nikasikia sauti kama lori linamwaga kokoto. Nilidhani ni barabarani. Kisha kitanda cha Mama kikaanza kunijia. Sijui nieleze vipi, Kaka. Ukuta wa nyuma uliingia ndani polepole kwanza, halafu wote kwa mara moja, na tope likafuata. Lilinishika magotini. Sefania, ambaye siku ile hakwenda shuleni, alinivuta kwa mkono kupitia mlango, na mlango wenyewe ukavunjika nyuma yetu. Nilikuwa naisikia sauti ya Mama kule mbele akiniita kwa jina, anaita na kuita, na mimi mdomo umejaa udongo siwezi kuitika.

Nilichubuka mkono na bega, basi. Hakuna aliyekufa, wala aliyeumia zaidi yangu. Lakini kitanda cha Mama kilikutwa kimebanwa kwenye ukuta wa pili, na pale alipokuwa akiweka kichwa palikuwa na jiwe. Picha ya Baba hatukuipata.

Safari hii Nikodemo hakuhitaji kupigiwa. Mwenyekiti alimtumia picha, na kesho yake gari lake lilisimama mbele ya nyumba. Watu walikuwa wamejaa. Alishuka, akazunguka nyuma, akarudi amekunja uso, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza ni nani aliyeturuhusu kuchimba mfereji nyuma ya nyumba yake. Alisema mfereji wetu ndio ulioulegeza mlima. Sefania alipiga hatua kumfuata, na mwenyekiti akamshika shati.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Bi Salama, pale kibarazani. Akasema bila kupaza sauti, "Nikodemo, hujaniamkia."

Unajua kwamba alimfundisha shule ya Jumapili, yeye na wadogo zake. Mtu mzima yule, na suti yake, aligeuka akamwona. Nadhani hakuwa amemtambua. Akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Mama."

Mama hakuitika. Watu wote walisubiri ile marahaba, haikuja. Nikodemo akarudia kuamkia, kwa sauti ya chini zaidi. Hapo Mama akamwambia, "Ingia kwanza ukaone nilipokuwa nalala. Ukitoka nitakuitikia."

Aliingia. Alikaa humo ndani kitambo, na alipotoka viatu na suruali vilikuwa tope mpaka magotini. Hakusema tena habari za mfereji. Alisimama mbele ya Mama mikono imeshikana, na Mama akamwitikia, kisha akaniomba nimpeleke ndani maana baridi ilikuwa inamwingia.

Sitaki udhani kwamba aligeuka malaika. Mara ya kwanza alitaka tuondoke wote mpaka ajenge. Bi Salama akamuuliza yeye mjane aende wapi. Mwisho, mbele ya mwenyekiti na majirani, alikubali kwamba ukuta wa mawe utajengwa kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kisha choo, na kwamba Bi Salama na Sefania watabaki vyumba vya mbele kazi ikiendelea. Jafari amerudi. Juzi nilipita nikaona wanapanga mawe. Lakini Sefania ananiambia simu ya tajiri imeanza tena kuita bila kupokelewa, naye bado hajamrudisha mkewe kutoka Soni.

Mimi nimekwisha amua, Kaka. Mama harudi katika nyumba ile, hata ukuta ukijengwa wa chuma. Hili sikuombi ruhusa, unisamehe kwa kulisema hivyo. Mama Mkubwa ametupa chumba kinachotazama shamba la viazi, choo kiko uani, hakuna ngazi. Mimi nitakuwa napanda pikipiki asubuhi kwenda kushona mjini na kurudi jioni.

Ila kuna jambo moja siliwezi bila wewe. Mama hajafungua mizigo. Nguo zake bado zimefungwa kwenye kanga, ziko miguuni pa kitanda, na kila asubuhi ananiuliza kama Fanueli amepiga simu kusema arudi lini. Ukimwambia arudi, atasimama siku hiyohiyo na fimbo yake, na sitaweza kumzuia. Mimi nikimwambia akae, ananiona mtoto mwoga. Kwa hiyo nakuomba umpigie kwa namba ya Mama Mkubwa, umwambie wewe mwenyewe, kwa sauti yako, kwamba hapa ndipo nyumbani sasa. Nitakuwa nimeketi karibu naye. Akikata simu, nitalifungua lile fundo la kanga nimpangie nguo zake.

Nisalimie sana wifi Yunis na watoto. Mama Mkubwa Sesilia anakusalimu na anasema maziwa ya kukuponya mgongo yanakungoja. Bi Salama na mwalimu Sefania nao wamenituma salamu. Mama anakuombea kila jioni kwa jina, nimemsikia. Mungu akulinde huko uliko, aulinde na mlima ulio juu ya nyumba yako kama upo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Raheli