Wimbo Uliomwita Bibi Harusi Mwingine

Somo yangu Mwanatumu,

Shikamoo. Najua salamu hii haina wa kuipokea, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia, hata kwenye karatasi. Nilipolala kwako ulikuwa ukinivuta shuka asubuhi na kusema, "Wewe, tumelala kitanda kimoja ndiyo hunisalimii?" Nami nilikuamkia macho yakiwa bado yamefumba.

Majuzi mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha: eleza umuhimu wa muziki na sanaa za maonyesho katika jamii. Niliandika kwamba muziki huunganisha watu, huelimisha, huhifadhi utamaduni na huwapa vijana kazi. Aliisoma mbele ya darasa zima nami nikalitazama dawati mpaka akamaliza. Yote niliyoandika yalikuwa kweli, ila wewe hukuwemo hata katika sentensi moja. Nilirudi nyumbani na insha yangu yenye alama nzuri nikajiona kama niliyesifiwa kwa kumwelezea mtu nisiyemjua.

Basi nakuandikia wewe, shangazi, mimi niliyepewa jina lako. Pembe yako ya ng'ombe, ile uliyopigia nyimbo za harusi, iko hapa mezani, juu ya vitabu vyangu. Pale kidole gumba chako kilipokuwa kikikaa pamelainika, na kidole changu hakipafikii vizuri.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kwa kina bibi harusi siku chache kabla ya harusi? Mimi nilibeba kikapu chenye pembe na kijiti chake, wewe ulitangulia na buibui lako likipepea. Watu walidhani umekwenda kupanga mambo ya vugo, ile ngoma yetu ya wanawake harusini: wangapi watapiga pembe na nani atavaa leso gani. Kumbe wewe ulikwenda kukaa jikoni na mamake bibi harusi. Humuulizi habari za bwana harusi wala mahari. Utamsaidia kukuna nazi, kisha utauliza kama mtu asiye na haja, "Huyu mwanao alipokuwa mdogo, alikuwa akiogopa nini?" Akina mama walicheka kwanza. Kisha wakaanza kusema.

Njiani tukirudi ulikuwa ukinong'ona peke yako, nami sikukusemesha. Nilijua unatia watu ndani ya wimbo.

Siku yenyewe wanawake wa vugo walisimama barazani na pembe zao za ng'ombe. Bibi harusi alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na kwa desturi yetu hainui mguu mpaka asikie jina lake, na la mamake, na la bibi yake. Wewe ulianza, sisi tukaitikia, "Naje, naje, tumuone." Kule Gazi ulimwimbia Salama wa Bi Fatuma, ambaye utotoni alikuwa akijificha ndani ya pipa la maji kila akitumwa dukani. Alitoka akilia na kucheka kwa pamoja, wanja umemchuruzika hadi kidevuni. Nilikurekodi siku hiyo kwa simu ya baba. Sikujua kwamba hiyo ndiyo sauti yako pekee itakayobaki.

Nakumbuka pia ile hoteli ya Diani waliyotualika kuimba wageni wakila. Mhudumu mmoja kijana, mtu wa bara, alikuonea huruma, akakuita shosh, yaani bibi kwa lugha yao ya mjini.

"Shosh, hawa hawashiki Kiswahili. We imba tu chochote, watapiga makofi."

"Wewe waitwaje, mwanangu?"

"Mimi? Brayo."

"Na mamako?"

"Aa, shosh, mathe ameingiaje tena? Anaitwa Mumbua."

Ukamwacha aende na sinia lake. Tulipofika kati ya wimbo nikasikia umelitia lile jina, Mumbua, mama aliyempeleka mwana pwani akabaki akiitazama njia. Brayo alisimama kando ya nguzo, glasi za sharubati zimejaa kwenye sinia, na wageni wanamngoja. Hakutikisika mpaka tulipomaliza. Baadaye alitusindikiza hadi langoni, na hakukuita shosh tena. Alisema, "Asante, mama," kisha akarudi mbio kazini. Wageni walipiga makofi kweli, kama alivyosema. Lakini wimbo ulikuwa wake.

Mimi hukuniacha nianze wimbo hata siku moja. Nilipokuomba ulisema, "Wewe itikia kwanza. Nikiishiwa pumzi nataka nikusikie uko nyuma yangu." Sikuudhika. Nilipenda kuitikia. Mtu mwenye haya kama mimi anaweza kuimba kwa nguvu zake zote katikati ya sauti za wengine na asionekane.

Kisha kifua kikakushinda. Siku ya mazishi yako wanawake wote wa vugo walikuja wakakaa kwenye mikeka, Yasini ikasomwa, wanaume wakakubeba wakaenda. Pembe hazipigwi msibani, najua, na sikutaka zipigwe. Lakini nilikuwa nikiitazama mikono ya wapiga pembe wako, Bi Riziki na wenzake, ilivyolala mapajani, kama haijui ikae wapi. Wewe uliyewaita mabinti wote wa Msambweni kwa majina yao, ukatolewa nyumbani kimya. Tangu hapo nyumba yako ina kimya kile kile. Nikipita dirishani kwako kwenda shule bado napunguza mwendo.

Sasa nikuambie ya Zuhura, kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia.

Zuhura wa Bi Mishi, niliyekaa naye mkeka mmoja chuoni tukisoma Kurani, ameolewa. Walimleta dijei kutoka Ukunda na maspika marefu kunishinda. Asubuhi ya harusi Bi Mishi alinijia.

"Mwanatumu, ile sauti ya shangazi yako si unayo kwenye simu? Tutaipigisha kwenye maspika, mwanangu atoke kwa heshima."

"Lakini Bi Mishi, pale anaitwa Salama."

"Nani atasikiliza maneno? Watu wanataka ule mlio tu. Mpe dijei."

Sikutaka. Sikutaka sauti yako itoke ndani ya masanduku yale. Lakini Bi Mishi alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala, na mwanawe wa pekee alikuwa akiondoka. Nikampa yule dijei simu ya baba. "Usijali, sista," akaniambia, "nitaiongeza besi kidogo."

Wanawake wa vugo walisimama mahali pao. Ukaanza, somo. Ulijaa baraza, ukajaa mtaa. Nikaitikia kwa furaha kabla sijajua kwamba naitikia. Kisha ukamwita Salama. Ukamwita mwana wa Fatuma, mjukuu wa Mwanasiti, wa pipa la maji, ukamwita tena na tena kwa mapenzi yako yale yale, na pazia halikusogea.

Msichana mmoja akaanza kucheka. Mwingine akasema kwa sauti, "Jamani, bwana harusi kaletewa wawili!" Cheko likaenea uani. Kutoka nyuma ya pazia Zuhura akasema, "Mimi simjui huyo Salama. Sitoki." Wote walidhani anatania. Mimi nilikuwa karibu na mlango na nilisikia sauti yake inavyotetemeka. Bi Mishi alikuwa amesimama ameshika leso mdomoni.

"Zima hicho kitu," Bi Riziki akamwambia dijei. Akazima.

Wakapiga pembe, maana hawakuwa na la kufanya jingine. Pembe zililia kwa mpango wake uleule, na zilipofika mahali pako pa kuanza, pakawa wazi. Zikazunguka tena. Pakawa wazi tena. Walitazamana, nami nikaelewa kwamba barazani pale hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuanza. Sote tulikuwa waitikiaji wako.

Kisha wakanitazama mimi, kwa sababu nina jina lako.

Somo, nilitamani kukimbia, Mungu ni shahidi. Lakini mimi ninamjua Zuhura. Mvua ikipiga chuoni alikuwa akiingiza kichwa chake chini ya mtandio wangu kwa kuogopa radi. Najua bibi yake Mwanahamisi ndiye aliyekuwa akimsuka. Kama nisingesema mimi, angetolewa na wimbo wa mtu mwingine, au asitolewe na wimbo wowote, na angekumbuka hivyo maisha yake yote. Pembe zikazunguka, zikafika pale pako, nikafumba macho.

Toka Zuhura wa Mishi, mjukuu wa Mwanahamisi,
uliyeikimbia radi, leo fungua mlango.

Nusu ya maneno niliyakimbiza. Wakaitikia kabla sijamaliza, "Naje, naje, tumuone," kwa sauti kubwa kuliko walivyokuwa wakikuitikia wewe, kama watu wanaomshika mtoto asianguke. Nikasema tena. Pazia likasogea. Zuhura akatoka, akapita mbele ya mamake na mbele ya wote, akaja akaegemeza kichwa chake begani kwangu, palepale alipokuwa akikiweka zamani.

Baadaye Bi Riziki alinivuta kando. "Sauti yako mbaya," akasema, "na mwishoni umekimbia kama unafukuzwa na ng'ombe. Jumamosi ijayo tuna harusi Funzi. Utakwenda kukaa na mamake lini?" Nilimwambia nitakwenda Jumatano nikitoka shule.

Kila mtu anadhani nimefurahi. Lakini kuna jambo ambalo sikulijua nilipokuwa nyuma yako. Nilipofumbua macho nilitafuta pembeni yangu mtu wa kumtazama, na hapakuwa na mtu. Anayeanza yuko mbele peke yake. Huenda nawe ulikuwa hivyo miaka yote, ndiyo maana ukataka kunisikia, na mimi nilidhani unanifundisha tu. Kama ningejua, ningeitikia kwa nguvu zaidi.

Sijaisikiliza tena ile sauti ya simu. Naona ni ya Salama, na ni haki yake. Jana nilikwenda kwa Bi Fatuma kumpelekea, amtumie mwanawe.

Lakini usiku wa jana nilikuimbia wewe, polepole, kijiti kikigusa pembe kidogo tu. Nilimuuliza baba, maana wewe ni dadake, ulikuwa ukiogopa nini utotoni. Alicheka kwanza. Akasema ulikuwa ukiogopa kuachwa nyuma watu wakienda harusini. Basi nikatia hilo, na jina la mamako, na la bibi yako, nikakuita: toka Mwanatumu, tunakwenda, hatukuachi.

Mama akauliza kutoka jikoni, "Wamwita nani, na Mwanatumu ni wewe?"

Nilipiga pembe, nikafika pale pa kuitikia, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye jina hilo nyumbani, nikaitika mimi.

Lala salama, shangazi.

Somo yako, aliyekuwa nyuma yako