Baba, Masimulizi Yako Mawili Niliyafuta

Baba yangu,

Asalaam aleikum, ingawa najua zamu ya kuitikia si yako tena. Nakuandikia nikiwa nimekaa uani, kwenye kile kiti chako cha chuma, baada ya sala ya alasiri. Mama yuko jikoni, hataki kuongea sana leo. Miguu yangu imevimba. Nilikwenda Kinanira kwa profesa wangu na nimerudi kwa miguu, maana petroli imeadimika tena na basi linasubiriwa mpaka mtu anasahau alikuwa anakwenda wapi. Ungekuwepo ungecheka, ungesema hiyo ndiyo raha ya kuwa fundi magari katika mji ambao magari yamelala. Nimechoka, Baba, na si uchovu wa leo tu.

Niliseme kosa langu mapema, nisije nikazunguka hadi nikakosa ujasiri. Yale masimulizi matatu niliyokurekodi kwenye simu, ya jinsi Babu alivyofika Bujumbura, limebaki moja. Mawili niliyafuta kwa kidole changu mwenyewe, wewe ukiwa hai, umelala chumba cha pili.

Unakumbuka siku niliyokuja gereji kukwambia narudi chuo kikuu? Nilikuwa nimetoka kufundisha Gasenyi, chaki bado mikononi, na wewe ulikuwa chini ya pikapu, inaonekana miguu tu. Nikaongea na miguu yako. Nikakwambia nitasoma riwaya za Waingereza wa siku hizi, zile zinazorudi nyuma kwenye historia lakini haziiamini historia. Mwandishi anakuletea shahidi, kisha anakunong'oneza kwamba shahidi huyo huenda anadanganya. Anakutolea barua ya zamani ambayo ameitunga yeye. Kisa kimoja anakupa miisho miwili, uchague mwenyewe.

Ukaweka spana chini. Kisha ukauliza, "Na wanalipwa?"

"Wanalipwa, Baba."

"Watu wakubwa wanalipwa kwa kusema uongo, na wanaapa kabisa kama ni uongo?"

"Ndiyo hapo penyewe. Hawakufichi kama wametunga."

Ukatoka chini ya gari, uso wote oili. "Basi huyo ni fundi," ukasema. "Iko nakurudishia kipuri cha zamani."

Kwa mtu mwingine yeyote maneno hayo yasingekuwa na maana, lakini mimi nilikua nayaona. Kila kipuri kibovu ulichokitoa kwenye gari ya mtu ulikifunga kwenye gazeti, ukamkabidhi mwenye gari pamoja na funguo. Wengine walikitupa kabla hawajafika kona. Hukujali. Ulisema, "Mutu asipoona ile ya zamani, atajua aje kama nimebadilisha?" Mama alilalamika kwamba hakuna gazeti linalobaki hapa nyumbani la kuwashia moto. Miaka minne nimesoma vitabu vya wasomi juu ya riwaya hizo, vimejaa maneno marefu ya kuvunja taya, na sijaona aliyezieleza vizuri kukushinda wewe siku ile na oili usoni.

Tatizo lilianza zamani, nilipokuwa na miaka kama kumi na miwili. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni, ukawa unawahadithia kwamba Babu alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa miguu, akimfuata mwanamke aliyekuwa akiuza mawese. Mimi na kiherehere changu nikadakia, "Baba, jana ulisema alikuja na meli!" Wageni wakacheka. Wewe hukukasirika. Ulisema tu, "Jana nilikuwa naongea na watoto." Lakini mimi niliona aibu kwa niaba yako. Tangu siku hiyo nikakuweka katika kundi la watu ambao maneno yao lazima yahakikiwe. Nisamehe kwa hilo pia.

Ulipoanza kuumwa kifua ndipo nilipokuja na simu yangu. Nilitaka mfano wa kwetu wa kuanzia tasnifu, niwaonyeshe kwamba kusimulia jambo moja kwa njia nyingi hakukuzaliwa Uingereza. Siku ya kwanza ulisimulia ile ya meli. Babu alikuwa msaidizi wa mpishi, meli imetoka Kigoma. Akashuka hapa bandarini kununua chumvi, akajilaza kidogo juu ya magunia, akaamka meli imeshaondoka na sufuria zake. Ulicheka mpaka ukakohoa, na Mama akaingia na chai akisema, "Muongo weye!" Siku ya pili ukasimulia ile ya mawese, na Mama amekaa karibu yako kitandani. Uliisimulia taratibu, ukimwangalia yeye na si mimi.

Siku ya tatu nikakosea tena. Nikakwambia, "Sasa Baba, nipe ile ya kweli."

Ukaomba nikufunge vifungo vya shati. Ukakaa wima, ukaongea kama mtu aliyesimama mbele ya dawati kwenye ofisi, zile ulizokuwa ukiziita ma-biro. Babu aliajiriwa, alikuwa na karatasi, alijenga maghala ya Mbelgiji fulani, akapewa kiwanja. Nilipokuuliza mbona zote tatu hazifanani, ulisema neno ambalo nimelinukuu ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu: "Kila mutu anayekuuliza umetoka wapi iko na sababu yake. We unamujibu ile sababu." Ukasema mji huu umewahi kuuliza swali hilo vibaya, na aliyekuwa na jibu moja tu alipata taabu. Kisha ukaniomba dawa yako.

Wiki hiyohiyo simu ikaniambia imejaa. Profesa alikuwa amenitumia riwaya ya kusikiliza, inasomwa na Mwingereza mmoja mwenye sauti tamu, saa nyingi mno. Ni ya mzee anayesimulia ujana wake mara tatu, na kila mara unakuwa mwingine. Ndiyo, Baba, cheka. Nilikaa pale nikitafuta cha kufuta ili kumpatia mzee huyo nafasi. Nikawaza, ile ya karatasi ndiyo yenye manufaa, hizi mbili ni marudio, na kwa vyovyote Baba yupo, nitamrudia. Nikafuta sauti yako nikamkaribisha Mwingereza. Baada ya siku kumi na moja ulikuwa umenyamaza.

Mwaka unatimia sasa. Mama anataka kwenye hitma, watu wakishamaliza kusoma na kula, awasikilizishe wanao ile unayocheka. Ameniomba mara nne. Mara ya kwanza nilisema simu iko kwa fundi. Mara ya pili nikasema fundi amesafiri. Unajua sijui kumdanganya Mama, lakini niliendelea tu. Na profesa naye, mtu mwema lakini mkali, akaniambia: umeandika kwamba baba yako alisimulia mara tatu, basi yako wapi? Niwekee yote matatu mwishoni mwa tasnifu, neno kwa neno, kabla ya Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku ya kuitetea.

Nikafanya jambo ambalo nalionea haya kuliko kufuta kwenyewe. Nilikaa nikayaandika. Niliyatunga yote mawili kwa jina lako, kana kwamba nilikuwa nayasikiliza na kuyanukuu. Kazi ilikuwa rahisi ajabu, nayajua maneno yako yote. Niliweka hata pale ulipokohoa na pale Mama alipokuita mwongo. Nilipoyasoma tena, nikayatia haraka kwenye bahasha. Nikajitetea kwamba hata wale waandishi wangu hutunga barua za watu waliokufa. Lakini wao wanaliacha boneti wazi uone mkono wao ulipopita. Mimi nilikuwa nalifunga kwa nguvu, niseme gari halijaguswa.

Leo asubuhi nilizipeleka kurasa hizo Kinanira. Nilifika mlangoni kwa profesa, nikabisha, akafungua, na mkono ukakataa kutoa bahasha. Nilimwambia nimekuja kumsalimia tu. Akanishangaa, akanipa maji, nikanywa, nikaondoka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu jinsi ya kumwambia Mama.

Nilimkuta anachagua mchele. Nikakaa chini mbele yake, nikasema kila kitu kwa pumzi moja, hata habari ya Mwingereza. Aliendelea kuchagua mchele. Aliumaliza wote, akaupepeta, akauweka pembeni.

"Ile moja iko?" akauliza.

"Iko, lakini ni ile ya makaratasi. Hacheki."

"Weka nisikie."

Tukasikiliza. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, kanga imemfunika nusu ya uso. Ukafika mwisho, ukaomba dawa, ikasikika miguu yangu ikitoka chumbani. Hapo ndipo mimi huzima siku zote, maana hadithi imekwisha na kinachobaki ni kimya na kitanda kinacholia. Nikanyoosha kidole. Mama akanishika mkono.

"Wacha iende. Hata akipumua tu, mi niko nataka."

Tukakusikia unapumua, Baba. Unapumua kwa shida, muda mrefu. Halafu ukaongea, peke yako, na simu iliyokuwa juu ya kigoda:

"Hii ni ya ma-biro. Zile mbili ni za kwetu. Uzichunge muzuri, mwanangu."

Kisha miguu yangu ikasikika inarudi, na sauti yangu inasema, shika dawa.

Sikulia wakati ule. Ni sasa ndiyo nalia, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Mwaka mzima maneno hayo yalikuwa mfukoni mwangu. Nilikwenda nayo sokoni na darasani, na sikuwahi kukuvumilia sekunde arobaini za kimya.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Alisema uzichunge," akanyanyuka na ungo wake. Alipofika mlangoni akageuka. "Kwa hitma tutaweka hii hii. Watu wasikie anavyopumua." Halafu akauliza, "Na hao wa Alhamisi, utawaambia?"

"Nitawaambia, Mama."

"Basi na mi nitakuja. Nitakaa mbele."

Hajui Kiingereza hata cha salamu. Atakaa mbele na kanga yake mpya, asikilize binti yake akisema mbele ya watu alichomfanyia baba yake.

Kurasa nilizozitunga nimempa awashie jiko. Badala yake nimeandika ukurasa mmoja. Nimesema palikuwa na masimulizi mawili mengine, moja aliambiwa mtoto na moja aliambiwa mke, na mimi mwenye tasnifu hii ndiye niliyeyafuta, na sababu nimeitaja. Profesa anaweza kuukataa. Anaweza kuniambia nirudi mwakani, na sijui kama nguvu ya kurudi ninayo. Nina miaka arobaini na mmoja, Baba, natembea Gasenyi mpaka Kinanira kwa ajili ya vitabu vya watu ambao hawatajua kama nilizaliwa.

Lakini ukurasa huo utabaki pale. Ulinifundisha kazi ikishaharibika mkononi mwa fundi, mwenye gari aonyeshwe. Kipuri chenyewe sina tena, Baba. Nakukabidhi gazeti tupu, nimelikunja vizuri kama ulivyokuwa ukikunja.

Mama ananiita tule. Amepika ule mchele. Lala salama, na Mola akupunguzie uzito wa kifua huko uliko.

Ni mimi binti yako mkubwa, yule wa kiherehere.