Mchango Uliorudi Kibondo

Jumapili, Kasulu. Mvua imenyesha tangu asubuhi na kutuachia baridi ile ya kuvalia sweta ndani ya nyumba. Nimerudi kutoka Kibondo mchana, nimeoga, nimekunywa chai, na bado nimepigwa na butwaa. Ngoja niandike, labda litanitoka kifuani.

Mnaonisoma mnajua nina kibanda cha huduma za pesa za simu hapa karibu na soko. Mama yangu anaishi kijijini, nje kidogo ya Kibondo, na ana kikundi cha akina mama wa kanisani. Wanavundika muhogo pamoja, wanaukausha, wanauza unga. Mvua zikikolea muhogo haukauki. Unaota ukungu juu ya turubai na wao wanautazama tu.

Kwa hiyo wakati wa kiangazi, nilipoona video ya kampuni moja kubwa, nilifurahi kama mtoto. Ni kampuni ambayo sabuni yake sidhani kama kuna nyumba isiyoijua. Walitaka kuunda kikaushio cha muhogo, cha kutumia umeme wa jua, kinachofanya kazi hata siku ya mawingu. Lakini hawakusema watakiunda kisha watuuzie. Walituomba wananchi tuchange kwanza, kwa simu, kila mtu kwa uwezo wake. Michango ikifika lengo, kazi inaanza, na waliochangia wanapata vikaushio vyao mapema kwa bei nafuu.

Mimi nilielewa kwamba unalipia kitu ambacho bado hakipo. Nikamtumia mama video. Kikundi kikanitumia pesa, nami nikazipeleka kwa kampuni kwa simu yangu. Mama akaniambia niwafikishie na pole zao. Nilicheka, pole sikuzifikisha. Mama yangu humpa pole hata dereva wa basi kwa kazi ya kukata kona, nikadhani ni yaleyale.

Ijumaa ujumbe ukaingia. Lengo halikufikiwa, mradi umesitishwa, asanteni kwa kutuamini. Na pesa zote zikarudi, hata makato wakafidia.

Sitaficha, nilifurahi. Nikasema hawa ni waungwana, wangapi hapa nchini wanarudisha? Jana asubuhi nikapanda basi la Kibondo kumpelekea mama habari njema.

Niliwakuta uani kwa Bibi Esperansia, mwenyekiti wao, wakimenya muhogo. Nikainama, tukasalimiana kwa makofi kama ilivyo kwetu, mwakeye, mwakeye, tukaulizana za watoto, za mbuzi, za majirani mpaka tukaridhika. Kisha nikatangaza, huku nikitabasamu, kwamba kampuni imerudisha mchango wote.

Visu vikasimama.

Bibi Esperansia akaniuliza taratibu, "Baratwanse?" Yaani, wametukataa?

Nilidhani sikueleweka. Nikaeleza upya kwa sauti kubwa zaidi, kama tufanyavyo sisi wa mjini wakati wenyewe ndio hatujaelewa. Mama alikuwa bado ameshika muhogo uliomenywa nusu. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye udongo.

"Tumewakosea nini, mwana wanje?" Yaani, mwanangu.

Ndipo nilipojua. Wale akina mama hawakuwa wamenunua kikaushio. Walikuwa wamewapa pole wafiwa.

"Si ulituonyesha yule bwana," mama akasema. "Amekonda. Viatu amevaa, soksi hana. Mtu mkubwa vile kusimama mbele ya nchi nzima anaomba, si ameshaomba kwingine kote akakosa? Tukasema huyu amefikwa. Kama si moto, ni msiba."

Yule bwana ni mkurugenzi. Huko Dar wenye nafasi ndivyo wanavyovaa siku hizi, vifundo vya miguu nje. Ningecheka, ila nyuso zao hazikuniruhusu.

Nikawauliza, na kikaushio je? Bibi Esperansia akasema walisikia kikitajwa, lakini mtu aliye kwenye shida akikuahidi kitu humshiki kwa neno lile.

Nyie msiotoka huku mtawaona wajinga. Si wajinga. Wazazi wao walivuka kutoka Burundi wakiwa na watoto mgongoni, na mama yangu alikuwa mmoja wa watoto hao. Waliowapokea waliwachangia vipando vya muhogo na maharage ya kupanda, bila kuwahoji. Sasa ni raia wa nchi hii, wana vitambulisho na mashamba, lakini jambo hilo halijawatoka. Anayeomba hadharani anapewa. Na mchango wa aliyefikwa haurudishwi. Ukiurudisha umesema sikutaki kwenye kilio changu, nami kwako sitafika. Pale kijijini kuna nyumba mbili ambazo haziazimani hata chumvi kwa sababu ya ndoo ya maharage iliyorudishwa mlangoni, na wenye ugomvi wenyewe walishafariki.

Nikauliza pesa walizitoa wapi.

Waliuza mbegu. Maharage yote waliyokuwa wameweka ya kupanda msimu huu. Niliangalia shamba la kikundi nyuma ya nyumba ile. Limelimwa vizuri, matuta yamenyooka, na hakuna kitu. Majirani wamo shambani na mvua hizi, wao wamekaa uani. Nikakaa juu ya kinu.

Nikajaribu kuwatuliza. Nikasema, Bibi, wale hawakufikwa na lolote, wana jengo la vioo, pesa wanazo. Walitaka tu kujua kama watu wanakipenda kile kitu kabla hawajatumia za kwao.

Mama akanitazama. "Wanazo?"

"Wanazo, mama."

"Na wakatuomba sisi?"

Nikaokota kisu, nikamenya muhogo pamoja nao.

Kwenye basi la kurudi nimebishana na nafsi yangu njia nzima. Kijana mwenye wazo zuri na mifuko mitupu akiomba wananchi wamchangie, namwelewa, hata mimi ningempa. Lakini kampuni kubwa? Juzi ningewatetea. Hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyeibiwa, kila mtu amerudishiwa chake. Mbona hilo halinitulizi? Nadhani ni kwa sababu wao walikuwa wanajaribu na akina mama hawa hawakuwa wanajaribu. Kikaushio kikishindikana, kampuni inafunga ukurasa na kurudi kwenye sabuni. Kule Kibondo ni msimu mzima wa maharage, na hakuna ujumbe wa simu unaourudisha msimu. Walio na akiba ndio waliopaswa kubeba hasara ya kubahatisha. Wakaiweka mgongoni kwa wasio nayo, halafu wakaiita ushirikiano.

Na mimi ndiye niliyewatumia video.

Pesa wamezikataa. Bibi Esperansia hakutaka hata kuziona kwenye simu. "Generoza, zirudishe kwa wenyewe," alisema. "Waambie hatuna ugomvi nao." Nimejaribu leo nilipofika. Namba ya michango imefungwa. Basi zimekaa kwenye simu yangu, si za kampuni, si za kikundi, na mimi sizigusi.

Lakini mvua hazingoji. Wakikosa kupanda wiki hizi, mwaka huu watakula muhogo mtupu, na mama ataniambia wameshiba.

Nilikuwa nimeweka akiba ya bati la kibanda, maana linavuja juu ya kaunta. Litavuja msimu mwingine. Kesho soko likifunguliwa nanunua maharage ya mbegu, yale mekundu anayoyapenda mama, na Jumanne nakwenda Kibondo. Sitasema ni fidia. Sitataja kampuni wala kikaushio. Nitasimama uani kwa Bibi Esperansia na gunia langu, nipige makofi, niseme, "Poleni. Nimesikia mmefikwa."

Watapokea. Mchango wa aliyefikwa haurudishwi.