Vani Isiyovuja

Jumatatu, 4 Machi

Kosa la watu wengi wanapotafuta vani iliyotumika, ile yenye kitanda na jiko ndani, ni kufungua boneti kwanza. Wanasikiliza injini, wanatikisa kichwa kama wanaelewa, wanalipa. Injini hutengenezeka. Kinachoua vani ya namna hiyo ni maji. Yanapenya kwenye maungio ya paa, yanashuka ndani ya kuta taratibu, mbao zinaoza, na mwenyewe hana habari mpaka siku kabati linapomwangukia. Kwa hiyo paa kwanza. Halafu kona za dari. Halafu sakafu chini ya godoro. Injini mwisho.

Naeleza kama niko darasani. Nani mwingine atanisikiliza? Mke wangu hunisikiliza, ila jioni huwa ameshasahau mimi ni nani.

Leo tena. Jua lilipoanza kushuka alivaa viatu, akachukua mkoba, akaniaga kwa adabu zote. Ahsante kwa makaribisho, baba, sasa naomba nirudi kwetu. Kwetu ni hapa. Hizi kuta tulizipaka rangi pamoja.

Nikampakia kwenye gari la binti yetu, tukazunguka mji. Garini hutulia. Mzunguko wa pili alikuwa amelala. Tukarudi, nikazima injini, nikafungua mlango wake nimtoe — macho wazi, ananisukuma. Huwezi kumhamisha mtu usingizini asishtuke. Ndiyo maana nataka gari lenye kitanda.

Jumatano, 6 Machi

Binti amekuja kuchukua gari lake. Analihitaji kwa kazi, simlaumu. Alizungumza kwa upole, na hilo lilinitisha kuliko kama angefoka. Nyumba ya kutunzia wazee imepata nafasi ya mama yake. Wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Nikamweleza mpango wangu wa vani. Mama yake atalala humo humo, gari likisimama hakuna wa kumwamsha. Akauliza nitaendesha mpaka lini na macho haya. Nikaanza kumfafanulia habari za paa. Aliniacha nimalize, kama mtu anavyomwachia mtoto amalize shairi lake, kisha akaosha vyombo vyote.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipata! Tangazo kwenye simu, picha nane, bei ya kutupa. Nimempigia fundi — nilimfundisha jiografia, alilala mihula yote mitatu. Kasema bei kama hiyo ama gari ni la wizi ama lina jini, na yeye jini anamwogopa zaidi, maana mwizi huenda ni mtu anayemfahamu.

Muuzaji anaongea haraka, nyuma yake simu nyingine inalia. Gari ni la baba yake, baba amekubali, karatasi zote zipo. Limemzibia uwanja tu. Jumamosi alasiri twende.

Jumamosi, 9 Machi

Sina hakika naweza kuandika haya kwa mpangilio. Nitajaribu.

Tulikwenda watatu: mimi, fundi na mke wangu, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Muuzaji hakuwepo. Kwenye simu akasema tuendelee, mlango haujafungwa, yuko njiani. Vani ilikuwa nyuma ya nyumba, safi, magurudumu yamejaa. Fundi akaenda moja kwa moja kwenye boneti. Nikamrudisha. Nikaomba ngazi na ndoo kwa jirani, nikapanda, nikaanza kumwaga maji kwenye maungio ya paa, polepole, huku nikimweleza fundi kwa nini mtu asiyamwage kwa pupa. Ndoo ya kwanza. Ya pili. Katikati ya ya tatu sauti ikatoka ndani ya gari.

"Halivuji. Nililiziba mwenyewe."

Fundi aliruka nyuma. Nadhani alifikiri jini.

"Lakini endelea tu, mwalimu. Unafundisha vizuri."

Akatoka mzee wa rika langu, amevaa fulana, povu la kunyolea kwenye shavu moja. Ndiye baba wa muuzaji. Amekuwa dereva wa malori maisha yake yote. Vani waliinunua yeye na mkewe ili wakistaafu wazunguke. Walizunguka msimu mmoja, mke akafariki. Tangu hapo kitanda cha nyumbani kimemshinda. Analala humu.

Nilimwomba radhi kwa maji. Akasema paa lilihitaji kuoshwa.

Hakusema haliuzwi. Ndicho kinachonimaliza. Alisema mtoto wake anataka aingie ndani alale kama watu, na mtoto ana haki. Kisha akanisaidia kukagua! Akainua godoro lake mwenyewe, godoro bado lina joto, anionyeshe sakafu. Kavu kabisa. Wengi hapa hawatazami, akasema. Juu ya jiko vikombe viwili vinaning'inia kwenye ndoano. Nimeona vani nyingi. Nzuri kama hii sijaiona.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameingia, amekaa kitandani, anavua viatu. Jua lilikuwa linashuka. Nikajiandaa kwa maneno ya kila siku.

"Tumefika," akasema.

Akajilaza. Akalala. Na injini hatukuwa tumeiwasha hata mara moja.

Muuzaji akaja, simu mkononi, akauliza tumeipendaje. Fundi akaninong'oneza nisiondoke bila kulipa. Mimi nimesimama na ndoo ya watu. Tulipojaribu kumwamsha mke wangu alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akalia. Yule mzee akasema aachwe. Akaingia ndani kwa mwanawe na mto wake kwapani.

Jumapili, 10 Machi

Nimerudi nyumbani kuchukua dawa zake. Binti yuko naye. Alikuja jana, wakalala humo wawili, mimi nikaja kulala hapa, na asubuhi nikawafuata bila kukumbuka dawa. Anasema mama yake hakuamka hata mara moja. Anasema pia kwamba alfajiri alimwona yule mzee nje, kiganja kimeegemea ubavu wa gari, kama mtu anayepima homa.

Asubuhi mke wangu aliniita kwa jina langu. Jina langu! Kisha akanyoosha mkono kushusha kikombe ndoanoni, na mzee akageuka akatazama ukuta.

Muuzaji amepiga tena. Kuna mteja mwingine, atafika mchana. Nikinunua, namtoa mtu kitandani mwake. Nisiponunua, namtoa mke wangu, na safari hii najua anakopelekwa. Maji naweza kueleza yanapopitia. Hili nimekaa nalo tangu nifike hapa mezani na sijui hata pa kuanzia.

Wakati natoka, mzee alinisindikiza mpaka getini.

"Lichukue, mwalimu. Ila uniambie mtakuwa mnaliegesha wapi."

Nilisema nafuata dawa.

Dawa ziko juu ya friji. Nikumbuke kuchukua na vikombe viwili vya hapa nyumbani. Vile vya ndoanoni ni vya mzee na mkewe, visishushwe tena.